Dhambi Aliyoiungama Helen Laker

Ukiuliza Namuwongo habari za Helen Laker, mke wa Sajini Obwona wa polisi, jambo la kwanza utakaloambiwa ni kwamba yule mama hasemi uongo. Si kwamba hapendi, nani anapenda? Hawezi. Mteja akimuuliza kama kabalagala zake, vile vitumbua vya ndizi, ni za leo, naye alizikaanga jana, atajibu ni za jana, kisha atamtazama mteja akienda kununua kwa jirani aliyekaanga juzi. Kulusum, Mnubi waliyepakana naye ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye mdomo wake haukujua likizo, alikuwa akimwambia, "Mama Polisi, we utakufa maskini na ukweli wako mkononi." Helen alikuwa akicheka tu, anaendelea kugeuza kabalagala zake kwenye mafuta.

Alikuwa mlokole, na walokole ndivyo walivyo. Wameokoka, wanasema hivyo bila haya, na aliyeokoka sharti atembee nuruni. Kila Jumapili baada ya ibada ya kanisani, ndugu walikutana sebuleni kwa Mwalimu Kezironi kule Makindye, na hapo kila mwenye doa moyoni alisimama akalitoa mbele ya wote. Aliyeiba sukari kazini alisema. Aliyemwonea dada yake wivu kwa ajili ya gauni jipya la gomesi alisema pia, tena alimtaja dada mwenyewe kwa jina, na dada akasimama, wakakumbatiana, wakalia. Halafu wote waliimba wimbo mmoja, kila mtu kwa lugha ya kwao, Waganda kwa Kiganda, Wanyankole kwa Kinyankole, Helen kwa Kiacholi. Kwa miaka mingi Helen hakujua mahali pazuri kuliko sebule ile.

Ukaingia mwaka wa sabini na saba, mambo yakaharibika kabisa. Ukiwa Mwacholi au Mlangi, na zaidi ukiwa umevaa sare ya serikali, jina lako peke yake lilikuwa kosa. Obwona alichukuliwa mchana kweupe, mezani pake, na watu ambao hawakujitambulisha wala kuulizwa. Helen akatolewa kwenye nyumba za polisi, akawapeleka watoto Kitgum kwa mama yake, yeye akapanga chumba Namuwongo karibu na reli. Kila wiki alipanda hadi kwenye lango la kambi moja ya jeshi na kikapu cha chakula. Askari walikipokea, wakamwambia aende zake. Nani alikula chakula kile, Mungu mwenyewe anajua.

Sasa, asubuhi moja alipokuwa akitoa jiko nje, akamkuta mwanamume amejikunja nyuma ya pipa la maji, paja limechanika na kuvimba. Akamtambua. Alikuwa Koplo Okeny wa jeshini, Mwacholi mwenzake, mlevi wa kutajwa, aliyezoea kuja kwao siku za mshahara na kumwigizia nyimbo za walokole kwa sauti ya pombe, akigeuza maneno mpaka Obwona anamfukuza. Usiku ule alikuwa ameruka kutoka kwenye lori lililowachukua wenzake, na mahali lilikokwenda lori lile hakurudi mtu.

"Kwa nini kwangu?" Helen alimuuliza kwa Kiacholi.

"Nani atanitafuta kwa mlokole?" alijibu Okeny.

Jamani, hayo ni maneno ya kumwambia mtu? Lakini yalikuwa kweli. Helen hakuomba, hakufungua Biblia, hakupata hata nafasi ya kukasirika. Alimshika kwapani akamwingiza ndani, akamlaza nyuma ya pazia la kitanda, akachemsha maji ya chumvi. Na kwa kuwa vyumba vyao vilitumia jiko moja la uani, Kulusum alijua kabla chai haijachemka. Huyu Kulusum mumewe, Muhamadi, alikuwa sajini jeshini, wakati ule yuko mpakani. Alilifungua pazia, akamtazama Okeny, akaziba pua.

"Huyu akifa humu atanuka," alisema. "Na akipona watamkamata. Wallahi umejua kuchagua mgeni. Haya, unataka dawa gani?"

Jioni akaleta penisilini kutoka kwa binamu yake muuguzi, na hakusema tena neno, jambo ambalo kwa Kulusum lilikuwa zito kuliko kiapo.

Paja likaanza kukauka. Kikohozi ndicho kilichokataa. Okeny alikohoa kikohozi kikavu, mchana na usiku, na kila alipokohoa Helen aliganda na mwiko mkononi. Lakini kilichomtesa zaidi hakikuwa askari. Ilikuwa Jumapili. Alikwenda Makindye akaketi katikati ya ndugu zake na jambo zima moyoni, akaimba na jambo hilo, akafumba macho akaomba nalo, na kwa mara ya kwanza tangu aokoke akajiona mwongo. Mwishowe akamfuata Mwalimu Kezironi pembeni, akamuuliza kwa kuzunguka, "Mwalimu, mtu akifanya jema akalificha, ni dhambi?"

Mwalimu alikuwa mzee mpole, mstaafu wa shule ya kanisa, mtu mwema tu. "Dada, jema gani linaogopa nuru?" alisema. "Tena usitegemee mema. Hatuokolewi kwa matendo yetu. Mbele za Mungu hayo ni nguo chafu. Lilete nuruni, Bwana atalisafisha."

Maneno mazuri hayo, na Helen aliyaamini. Shida ni kwamba kwenye nuru hiyo hiyo alikuwa ameketi Yokana.

Yokana alikuja ushirikani baada ya Pasaka. Alisimama, akalia, akasema Bwana amemwokoa. Kila mtu mle ndani alijua kwamba alifanya kazi katika ofisi zile za usalama ambazo watu walizipita wakitazama upande mwingine. Wangemfukuza? Mlango wa wokovu haufungwi na mtu. Wakamkumbatia, wakamwimbia, na tangu siku hiyo maungamo yakawa mafupi sana. Yokana hakuvua koti hata kukiwa na joto la kuunguza. Kama aliokoka kweli au alitumwa, hakuna aliyejua, na nadhani wengine waliogopa kujua.

Basi Jumapili iliyofuata, Mwalimu alipomaliza kusoma, akasimama Yunia. Huyu Yunia, Mganda wa Makindye, alikuwa rafiki wa Helen wa kufa na kuzikana; ndiye aliyemfundisha Kiganda, ndiye aliyelia naye Obwona alipochukuliwa. Katikati ya wiki alikuwa amempelekea matoke Namuwongo, akamkosa, akaacha matoke mlangoni.

"Ndugu, nina dhambi," alisema Yunia, machozi yameshaanza. "Nimemfikiria vibaya dada yangu Helen. Nilifika kwake, hayupo, nikasikia mwanamume anakohoa ndani. Tena kwenye kamba ya uani ilianikwa suruali. Moyo wangu ukasema mabaya, na nimeyabeba siku hizi zote. Helen, dada yangu, naomba unisamehe. Sitaki kitu kikae kati yetu gizani."

Alikuwa amesema kwa upendo. Hilo ndilo linalonichoma mimi mpaka leo: kwa upendo mtupu, kama walivyofundishwa. Sebule nzima ikamgeukia Helen. Kule nyuma, karibu na mlango, Yokana akaacha kupekua kitabu chake cha nyimbo.

Helen aliyapima majibu yake. Akikana, Yunia anageuka mwongo, na Yokana atakwenda kujionea mwenyewe. Akisema ni ndugu yake amemtembelea, ndugu gani, Mwacholi gani anatembea Kampala mwaka huu? Akisema kweli, Okeny hafiki jioni, wala yeye, na Obwona kama bado yu hai watammaliza naye. Likamjia jina la Rahabu, yule kahaba aliyewaficha wapelelezi akawadanganya waliowatafuta, na Yakobo katika waraka wake akamhesabia kuwa na haki kwa tendo hilo. Helen alilisoma mara nyingi bila kulielewa. Akasimama.

"Yunia hajakosea," alisema. "Nina mwanamume."

Mtu mmoja akashusha pumzi kwa sauti. Yunia akajifunika uso.

"Mume wangu yuko kifungoni, na mimi nimemwingiza mwanamume nyumbani kwangu," Helen aliendelea, na sauti yake ilitetemeka hivi kwamba hakuna aliyeweza kuishuku. "Ana mke wake, kwa hiyo sitamtaja. Nimetenda dhambi."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza tangu aokoke, na aliutoa mzima mzima. Ndugu wakaanza kuimba, wengine wakilia, wakamzunguka, wakamshika mabega. Yokana akaegemea ukuta. Helen aliona bega lake likilegea, akafikiri, Asante Mungu, yamekwisha. Hapo ndipo Mwalimu Kezironi akamuuliza kwa upole, kama wanavyouliza siku zote, "Na mtu huyo yuko wapi sasa?"

"Yuko nyumbani," alisema Helen.

Ole wake! Ulimi uliozoea ukweli ulijibu wenyewe. Nguvu alizokusanya zilitosha uongo mmoja, na wa pili alikuwa hajajifunza. Alitaka kuyarudisha maneno, wapi, yameshatoka.

"Basi twende," alisema Mwalimu.

Kwa walokole ndivyo ilivyokuwa. Anayetubu pombe, wanakwenda naye kumwaga mtungi. Anayetubu hirizi, wanakwenda naye kuichoma. Hawamwachi mtu apigane na dhambi yake peke yake, na hilo nalo ni upendo. Wakatoka wote. Yokana akafunga kifungo cha koti. "Na mimi nakuja," alisema.

Wakateremka Makindye, wakapita Nsambya, wakielekea relini, wanaimba. Watu barabarani walisimama kuwatazama. Siku zile kundi la watu likitembea pamoja lilitisha hata kama ni la kwaya. Kutoka Kibuli adhana ya alasiri ikasikika, ikachanganyika na wimbo wao. Yunia alimshika Helen mkono upande mmoja. Upande wa pili, Yokana alitembea naye sambamba, na hakuimba.

Walipokaribia reli, Helen akapaza sauti. Sauti anayo, hilo wanamkubali hata leo. Aliimba kwa Kiacholi kama kawaida yake, kwa sauti ile ile ya wimbo, lakini maneno aliyoyatia yalikuwa mengine: wewe uliyelala nyuma ya pazia, ondoka, wanakuja, pitia jikoni, nenda kwa mama wa jirani, ziba mdomo wako. Akarudia. Akarudia tena, jasho likimtiririka mgongoni, kwa sababu jambo moja hakulijua: kama Yokana anasikia Kiacholi. Watu wa ofisi zile walitumwa kila mahali. Huenda aliwahi kukaa Gulu. Huenda alikuwa akimwacha tu aimbe hadi mlangoni.

Kulusum alikuwa amesimama uani na mchi mkononi, kinu mbele yake.

"Ya salaam! Harusi ya nani?" alisema.

Mwalimu akaeleza kwa heshima. Helen akafungua mlango. Pazia lilikuwa wazi, kitanda kitupu. Yokana akaingia kabla ya wote, akaweka kiganja kwenye blanketi.

"Bado lina moto," alisema.

"Na lisiwe na moto kwa nini?" Kulusum akadakia kutoka mlangoni, na sijui Mungu alimpa nini siku ile, maana Helen hakuwa amemwambia lolote. "Ameruka sasa hivi na suruali mkononi! Mnakuja mnaimba toka huko relini, mlitaka awasubiri awapikie chai? Nyinyi watu wa Yesu, fumanizi gani la kuimba?"

Wawili watatu wakacheka, wakajizuia. Mwalimu akainamisha kichwa kwa haya. Na hapo, kutoka chumbani kwa Kulusum, kikaanza kitu, sauti ndogo ya mtu anayebanwa na kifua. Kulusum akageuka akaushika mchi, akatwanga karanga kwa nguvu zote, huku akimtukana Helen kwa kila pigo: mwanamke hana aibu, mume kifungoni, majirani hawalali. Alitwanga mpaka karanga zikaruka nje ya kinu. Helen alisimama akitukanwa, akiomba kimoyomoyo asiache.

Ndugu walilitoa blanketi, wakalichoma uani, wakaomba. Wakati wa kuondoka Yokana akabaki nyuma hatua chache.

"Maneno uliyokuwa ukiimba njiani, dada," alisema, "si ya wimbo."

"Ni ya kwetu," alijibu Helen.

Yokana akautazama mlango wa Kulusum, akakitazama kinu, kisha akawafuata wenzake.

Kamis, kaka yake Kulusum, alikuwa na lori la mahindi. Lilipokwenda Busia, Okeny alikwenda nalo chini ya magunia, na habari ikarudi kwamba amevuka. Upande huo ulikwisha salama. Upande wa Helen ndio ulioanza. Ushirikani aliwekwa kiti cha nyuma; hakuruhusiwa kuomba kwa sauti wala kuanzisha wimbo mpaka matunda ya toba yaonekane. Wake za watu wakaacha kununua kabalagala zake, na waume zao wakaanza kumkonyeza. Aliumia, tena aliumia sana, alilia juu ya karai la mafuta. Zaidi ya yote alikosa maombi. Alifumba macho, akawa hajui aombe msamaha wa lipi: wa uongo alioutunga mbele za Mungu, au wa kujua moyoni kwamba angeulizwa leo angeutunga tena.

Siku moja asubuhi, Yokana akaja pale anapokaangia. Akanunua, akachuchumaa, hakula.

"Nimemwona mume wako," alisema.

Mwiko ukamtoka Helen. "Yu hai?"

"Yu hai. Kazi ilinipeleka mle ndani. Dada, nisikilize. Nilimwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Habari yako. Nilikesha nikiiomba. Niliona si haki watu wote wajue na mwenye mke asijue. Nilitaka apate nafasi ya kukusamehe." Alikuwa amekonda, na kwa mara ya kwanza Helen aliona kwamba mtu huyu aliokoka kweli, maskini, na wokovu wake ulikuwa unamuua.

Alimwona Obwona mahali pale, gizani, njaa, vipigo, na juu ya hayo yote analetewa hilo. Alitamani kumwagia Yokana mafuta ya moto, nasema kweli, mkono wake uliligusa karai.

"Akasema nini?" aliuliza hatimaye.

"Alicheka."

"Alicheka?"

"Alicheka mpaka akashika mbavu, nadhani zilikuwa zimevunjwa. Nikafikiri amerukwa na akili. Akaniambia, 'Helen wangu? Thubutu! Kamuulize alikuwa anamficha nani.'"

Garimoshi la mizigo lilikuwa likipita, wakangoja lipite. Helen alimtazama mtu huyu wa ofisi zile, mlokole mwenzake, ambaye ameamriwa aulize swali moja, na yeye Helen akiulizwa hana uongo mwingine wa kujibu.

"Sasa unaniuliza?" alisema.

Yokana akasimama, akajifuta magoti. "Hapana," alisema. "Ukinijibu nitajua, na nikijua itabidi niseme. Sikuulizi, dada." Alimrudishia kabalagala mkononi, akavuka reli. Baada ya miezi michache naye alichukuliwa, na watu wa ofisi zile zile.

Vita ilipofika Kampala mwaka wa sabini na tisa, milango ya vifungo ikafunguliwa, na Helen alisimama kwenye lango lile pamoja na wake wengine. Waliotoka walitoka. Obwona hakuwamo. Walokole wakaja Namuwongo kumfariji, hawakuacha kuja, na Kulusum akawapikia wote chai. Kufikia hapo Helen alikuwa huru kusema lolote, Okeny mwenyewe alikuwa njiani kutoka Kenya. Yunia akaketi karibu naye kwenye mkeka, akamshika mkono, akamnong'oneza lile lililomkaa moyoni miaka yote miwili.

"Dada, kama habari ilimfikia kabla hajafa, alikusamehe?"

"Hapana," alisema Helen. "Alicheka." Na ndipo alipoanza kumlilia mumewe.